Hadija na Picha za Mlangoni

Mlango ulikuwa wa mninga, na Shabani aliuchonga kwa mikono yake mwaka ule aliomwoa Hadija. Ulikuwa na mbao tatu za kukingama: ya chini, ya kati na ya juu. Baina ya ile ya kati na ya juu pana komeo la chuma, zito, lililokuwa likimgonga Shabani begani kila alipotoka kwa haraka. Na Shabani alikuwa mtu wa kutoka kwa haraka. Ndivyo alivyotoka kwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kufanya kazi ya useremala, akamwacha mkewe na mtoto wa miaka minne, mwingine, Sharifa, wa miaka miwili, na wa tatu bado tumboni, hajaulizwa maoni yake.

Asubuhi ya safari, Saidi, yule wa miaka minne, alimkumbatia baba yake mguu akakataa kuuachia. Shabani akambandua kama mtu anayebandua kupe, akamsimamisha mlangoni, kisogo kwenye mbao, akamwonyesha komeo kule juu.

"Unaliona hilo? Kichwa chako kikifika hapo, mimi nimesharudi. Wallahi nakuapia."

Saidi akaanza kujinyoosha palepale.

Wanaume huapa mengi wakiwa wamebeba mabegi. Huyu alikisia miaka mitatu, ikizidi sana minne. Alichosahau ni kwamba Saidi alirithi kimo cha upande wa mama yake, watu ambao wakiingia shambani kwao kule ukingoni mwa Ruvuma, unaona mihogo tu inatembea.

Sasa Shabani angejuaje, huko Tanga, kama mtoto amefika au hajafika? Kazi hiyo ilimwangukia Kasiani. Kasiani alikuwa mpiga picha wa mjini Mtwara, mzaliwa wa Masasi, Mkristo wa kusali kweli, na kila mwaka korosho zikishapelekwa ghalani alipanda baiskeli na kamera yake akazunguka vijijini. Kila nyumba ilipata picha moja, hata ukimlilia.

"Filamu si mihogo," alikuwa akisema. "Ukiikata haichipui."

Basi kila mwaka Hadija aliwaogesha watoto, akawapaka mafuta ya nazi mpaka wakang'aa kama vyungu vipya, akawapanga mlangoni. Yeye alisimama upande mmoja, na upande wa pili mama yake, Bibi Zainabu, aliyekuwa amebakiwa na meno manne na ulimi mzima. Kasiani alipaza sauti, "Msipumue!" wakakauka wote, picha ikapigwa. Nakala moja ilikaa ndani ya Kurani ya marehemu babu, nyingine ikaenda Tanga.

Shabani alizipima zile picha kwa njiti ya kiberiti, kisha akajibu. "Sharifa amepita ubao wa kati, mashaallah. Salma sikumwona uso, alikuwa analia. Saidi bado." Mwaka uliofuata: "Salma bado analia. Saidi bado." Na mwaka mwingine: "Kwani Saidi mnamlisha nini? Bado."

Hadija alikuwa ameingia darasa la kisomo cha watu wazima, barua akiandika mwenyewe. Akamwandikia waziwazi: baba Saidi, achana na komeo, rudi. Likaja jibu: "Mwanamume havunji kiapo chake." Hadija akalisoma mara tatu. Alijua kuna watu wanaoapa ili warudi, na kuna wanaoapa ili wasirudi. Wa kwake hakujua yumo kundi gani, na hilo ndilo lililokuwa likimla. Siku moja alimsikia Salma, ambaye baba yake hakuwahi kumtia machoni, akiwaambia wenzake mchangani: "Ninyi baba zenu watu. Wa kwangu bahasha."

Bibi Zainabu naye alilisikia. Siku hiyo akaapa kiapo cha kwake.

Kasiani alipokuja tena, bibi alikipindua kinu, akampandisha Saidi juu yake, akatandaza kanga mpaka chini.

"Simama imara, mume wangu," akamwambia mjukuu wake. "Leo unamrudisha mkwe wetu."

Kasiani akatoa kichwa nyuma ya kamera. "Bibi, picha haijui kusema uongo."

"Itajifunza. Mimi nilijifunza nikiwa mdogo kuliko hiyo."

Picha ikapigwa, ikaenda. Barua ikarudi, fupi: "Naona Saidi hana miguu siku hizi. Mpeni salamu zangu, na kinu nacho nakisalimu."

Hadija alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Mwaka wa sabini na nne likaja lori la Operesheni. Watu wote wa kule mashambani walitakiwa kuhamia kijiji kipya, kando ya barabara ya kwenda Madimba. Majirani walipakia vitanda, kuku na vyungu. Hadija alipakia mlango.

"Mama," kijana wa serikali akamwambia, "huko mnakokwenda kila kitu kipo."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakwenda na kimoja ambacho hakipo." Akapanda, akaukalia mlango wake hadi walipofika.

Kweli kila kitu kilikuwepo, ila hakijafika. Shule ilikuwepo kwenye karatasi. Duka la ujamaa lilikuwa na kuta, paa na gunia la sukari, lakini halikuwa na mlango, na sukari isiyo na mlango, hata kama wote ni ndugu, haifiki asubuhi. Hadija na wanawe walikuwa bado chini ya kibanda cha makuti, mlango umeegemezwa kwenye mkorosho, alipokuja Mwenyekiti Abdallah na msumeno kwapani.

"Dada Hadija, huo mlango unaegemea mti bure na sukari ya umma iko wazi."

"Huo ni wangu, Mwenyekiti."

"Hapa hakuna changu na chako. Ni chetu."

"Haya. Na mkeo naye ni wetu? Maana nataka wa kunisaidia kutwanga."

Waliokuwapo waliangua kicheko, na mwenyekiti alicheka nao, lakini mlango aliuchukua. Tatizo likawa duka lenyewe: tundu lililoachwa kwa ajili ya mlango lilikuwa fupi. Mtu mwingine angeongeza tundu. Mwenyekiti Abdallah alipunguza mlango. Akaulaza chini, akaukata shubiri nzima upande wa chini, akautundika, ukaenea sawasawa, akapiga makofi peke yake.

Hadija aliketi mchangani kama aliyefiwa. Kile ndicho kipimo alichokijua mumewe, na sasa kimekatwa mguu. Hata Saidi akirefuka kama mnazi, nani huko Tanga ataamini?

Miezi ikapita, korosho zikavunwa, kengele ya baiskeli ya Kasiani ikasikika. Hadija hakuwa na hamu. Ila desturi ni desturi: akawapaka watoto mafuta, akawapeleka dukani, akawapanga mbele ya mlango, foleni ya sukari ikiwatazama. Bibi Zainabu alichelewa kidogo, anatafuta kanga yake nzuri. Alipofika, akamtazama Saidi, akatazama komeo, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mabega yakaanza kumtikisika.

Utosi wa Saidi ulikuwa umepita komeo vidole viwili.

"Mume wangu!" bibi akasema. "Umefika!"

Kasiani akainama, akachungulia miguuni pa mtoto. Hakuna kinu. Hakuna tofali. Nyayo ziko mchangani, na vidole vyote kumi vinahesabika.

"Safari hii sawa," akasema, ameridhika. Habari za msumeno yeye hakuwa nazo, na hakuna aliyeona haja ya kumchosha.

"Mama, lakini mlango si ulikat..." Saidi akaanza.

"Mtoto hasemi wakati wa picha," bibi akamkatiza. "Kasiani, wapigie ukelele wako!"

"Msipumue!"

Hadija aliiandika barua mwenyewe. Salamu, hali ya mvua, kijiji kipya, mlango sasa uko dukani kwa manufaa ya wote. Alipofika penye msumeno karatasi ikawa imeisha. Karatasi nyingine ilikuwepo, lakini ilikuwa mbali, ng'ambo ya pili ya kitanda.

Safari hii halikuja jibu. Wiki tano, sita, saba. Hadija akaacha kuuliza posta.

Siku moja adhuhuri ililetwa sukari, foleni ikazunguka duka mara moja na nusu. Salma, sasa miaka mitano, alikuwa amewekwa kushika nafasi ya nyumba yao, chupa ya mafuta ya taa mkononi. Lori la kutoka Mtwara likasimama, akashuka mwanamume mmoja na sanduku la mbao begani. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa duka, akageuka, akabana mgongo kwenye mbao, akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Akatoka, akatazama. Akarudi, akajipima tena.

Salma akatimua mbio mpaka nyumbani. "Mama! Kuna kichaa dukani anajipima!"

Hadija aliuacha mwiko ndani ya ugali.

Alipofika, mwenyekiti alikuwa amemshika yule mtu mkono. "Ndugu, foleni inaanzia kule nyuma."

"Sitaki sukari yako. Komeo hili lilikuwa linanigonga begani. Leo liko chini ya kwapa. Nimerefuka?" Shabani akainama, akapapasa mlango upande wa chini, kisha akainuka polepole. "Nani kaukata mlango wangu?"

Foleni nzima ikawa na shughuli ya kutazama mawingu. Mwenyekiti akauficha mkono wa kulia nyuma, kana kwamba msumeno bado umo.

"Karibu, baba Saidi," Hadija akasema.

Shabani akageuka. Walitazamana, miaka sita ikiwa katikati yao.

"Mama Saidi, umenihadaa."

"Mimi? Nina msumeno mimi?"

Shabani akatoa picha mfukoni, imechakaa kwa kupimwa. "Saidi kupita komeo, nilikubali, nikashukuru Mungu. Halafu nikakutazama wewe. Una miaka thelathini na mbili, umeota kichwa kizima juu ya ubao wa juu! Na huyu," akamwonyesha Bibi Zainabu kwenye picha, akayateremsha macho kwa heshima, maana mkwe hatazamwi usoni wala hatajwi jina, "na mzee wetu naye amerefuka! Nikasema, hiki kijiji kinakula nini? Nimekaa wiki sipati usingizi. Nikaomba ruhusa, nije nione, nirudi."

Lile neno "nirudi" lilimshuka Hadija kama maji ya kisima asubuhi. Alikuwa amesahau picha ni ya wote, akamwona Saidi tu, na sasa kosa lile ndilo limemleta mumewe, na ndilo litakalompeleka.

Shabani akalifungua sanduku, akatoa futi na penseli, akapima shubiri iliyokosekana, akaweka alama mlangoni pale komeo lilipopasa kuwa. Akamwita Saidi. Mtoto akasimama. Alama ilikuwa juu ya utosi wake, mbali. Saidi akainama, midomo inamcheza.

"Bado," Shabani akasema, kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo Bibi Zainabu akajitokeza. Kwa kuwa mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso, alimpa mgongo Shabani, akausogelea mlango, akazungumza nao.

"Ewe mlango, niulizie kwa fundi. Siku ile aliapia komeo, au aliapia alama ya penseli? Maana mimi nilikuwepo, na penseli sikuiona. Komeo lile pale. Kichwa kile pale. Muulize amesoma shule gani."

Foleni ikalipuka. "Kweli, bibi!" "Alisema komeo!" Mwenyekiti Abdallah, aliyekuwa anatafuta pa kutokea, akaupata upenyo.

"Ndugu wananchi! Hapa mambo yanaamuliwa kwa pamoja. Wanaosema mtoto amefika komeo, mikono juu!"

Ikapanda mikono, vikapu, chupa, hata mguu wa kuku aliyekuwa ameshikwa kichwa chini. Salma, ambaye hakujua wanapigia kura nini, alinyoosha chupa.

"Wanaopinga?"

Shabani akatazama huku na huku. Alikuwa na mkono mmoja tu wa kupinga, na ulikuwa umeshika futi. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake, akajifuta uso.

"Mama Saidi," akasema, "kusema kweli, nilikuwa naogopa. Nilisema nitarudi na cherehani na baiskeli. Kila mwaka nikitazama mikono yangu naona mitupu. Ikawa afadhali Saidi asirefuke."

"Ndiyo useme hivyo," Hadija akajibu. "Miaka yote hiyo namlisha mtoto samaki."

Salma alikuwa amesogea, anamkagua kuanzia viatu. "Wewe ndiye wa bahasha?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye unayelia kila picha?"

"Silii tena. Nimekuwa mkubwa. Mlango si wameukata?"

Mwenyekiti akafungua duka, akachukua daftari la sukari. "Haya, tuendelee. Nyumba ya Hadija, watu watano?"

Hadija akageuka. Alimtazama Shabani tu.

"Andika sita," Shabani akasema, akabeba sanduku lake, akaenda kusimama mwisho kabisa wa foleni.

Msimu uliofuata Kasiani alipokuja, Hadija aliwapanga wote mbele ya mlango wa duka, na mpiga picha akatazama ndani ya kamera, akatikisa kichwa. Hawakuenea. Akarudi nyuma hatua moja. Bado bega la Shabani likabaki nje. Hatua ya pili, ya tatu. Ya nne ikamkalisha kwenye gunia la mihogo mikavu la Mwenyekiti Abdallah.

"Hapo hapo!" Bibi Zainabu akamfokea. "Usisogee! Sasa tupo wote. Piga!"