Kilio cha Harusi, Nambari Nne

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagonga gizani, tik-tik, tik, tik-tik. Uji wa mahindi ulikuwa umeanza kuchemka. Umeme ulikatika tangu jana mchana, na Abosede alikuwa anapika kwa mwanga wa makaa. Bila kukusudia akaushika mdundo wa kile kifuniko, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, akafika pale bibi harusi anapomuaga mama yake. Hapo akanyamaza.

"Malizia," Asake akasema kutoka kitandani. Alikuwa na miaka mitano na wimbo wote alikuwa nao kichwani.

"Lala wewe. Majirani watasikia."

"Wakisikia?"

Abosede akakoroga uji.

Pale Iseyin, mji wa Wayoruba wa Nigeria, msichana haondoki kwao bila ekun iyawo, kilio cha bibi harusi. Jioni ya kabla ya ndoa huzunguka ua mzima akiimba kwa machozi, akiaga kila mlango. Lakini wasichana wa siku hizi wanajua mstari mmoja, wakijitahidi miwili. Kwa hiyo huitwa mtu wa kuwaongoza, yeye akitangulia na bibi harusi akifuata. Kazi hiyo ilikuwa ya mama yake Abosede, na mama alipofariki ikawa yake.

Siku hizi pia hakuna shughuli isiyo na simu juu ya kijiti, ikirusha picha moja kwa moja kwa ndugu wa London na Houston waliochangia mahema. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye harusi ya kina Oladipo, Abosede alipofungua tu kinywa, sauti ikakatika. Watu wa ng'ambo waliona midomo inacheza. Kwenye harusi ya kina Ajani ikawa vilevile. Ya tatu ilipokatika, watu wakaacha kulaumu mtandao.

"Marehemu mama yake hajaridhia," walisema bombani. "Ndiye anayeifunga."

Aliyesoma maandishi madogo chini ya kioo cha simu alikuwa Wasiu, mpiga picha. Yalisema sauti hiyo ni mali ya kampuni moja ya Ibadan inayosambaza nyimbo na filamu mitandaoni. Abosede akakumbuka. Alipokuwa na mimba ya Asake aliwahi kuimba mchana mmoja ndani ya duka la kanda la Baba Ramoni, naye akamrekodi, akampa kipande cha kitambaa na chupa ya malta. Baadaye Baba Ramoni akafunga duka, akaiuzia kampuni kila alichorekodi, akahamia Kotonu. Simu yake haipatikani.

Leo jioni ilikuwa zamu ya Rofiat, binti wa Alhaja Sidikat. Jana Alhaja alimwambia bila kuzunguka, akimwita mama Asake kama wote wamwitavyo.

"Iya Asake, nakupenda, unajua. Lakini Rofiat ni binti yangu wa pekee, na dada yangu wa Houston hajarudi nyumbani tangu mama yetu azikwe. Nenda Ibadan wakufungulie sauti yako. Ukirudi mikono mitupu, namwita DJ. Na nikimwita mimi, mji mzima utamwita yeye."

Kulipokucha alimwacha Asake kwa jirani. Wanawake wa bombani walimwona na buba, ile blauzi yake ya kutokea.

"Iya Asake, salimia huko! Ila usiimbe karibu na simu yangu, bado nailipia deni!"

Wakacheka. Naye akacheka, maana angefanyaje.

Nauli ya Ibadan ilikuwa imepanda tena tangu wiki iliyopita. Dereva alisema ni petroli, na hakuna aliyembishia. Abosede alikuwa amepanga kununua akara, bajia za kunde, akifika. Alipolipa, mpango wa akara ukafa hapohapo.

Kampuni ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Mlinzi alimwangalia kuanzia kilemba hadi ndala.

"Dada, jua kali leo. Utatuachia cha soda?"

"Nikishuka, kaka."

"Wote husema nikishuka."

Ukutani waliandika kwa herufi kubwa: SAUTI YAKO, DUNIA NZIMA. Ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, na wasichana wawili wenye vidude masikioni. Alisubiri kwenye benchi mpaka Bwana Kolapo, kijana mwenye sweta, alipomwita. Abosede akapiga goti kidogo kumsalimia, ingawa kijana alikuwa mdogo kwake. Akaeleza yote.

"Pole sana, mama," Kolapo akasema. Alikuwa na adabu. "Una akaunti kwetu?"

"Nina koo tu."

Msichana mmoja akacheka. Kolapo naye akatabasamu, akaweka simu yake mezani. "Haya, tuhakikishe. Imba kidogo."

"Hapa?"

"Hapahapa."

Akaimba. Mwanzoni sauti ilitoka nyembamba kwa njaa na aibu, kisha ikajishika. *Mama uliyenibeba mgongoni, geuka unitazame, kesho mlango huu nitaubisha kama mgeni.* Wasichana wakavua vile vidude. Mtu wa chumba cha pili akasimama mlangoni na kikombe mkononi.

Simu ikatetemeka. Kwenye kioo ikatokea picha ya mwanamitindo mmoja aliyejipamba shanga, na jina: *Kilio cha Harusi, Nambari 4*.

"Umeona?" Kolapo akasema. "Mfumo umeikamata. Ni ya kampuni."

"Umeikamata kwa sababu ni mimi."

"Hapo ndipo tatizo lako lilipo, mama. Ungekuwa unafanana tu, ningekusaidia. Lakini ni yenyewe kabisa."

"Sikiliza ya kwenye simu." Abosede akainama mezani. "Pale kwenye *mgongoni*, anavuta pumzi katikati ya neno. Si mtindo huo. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, mtoto alikuwa ananibana."

Kolapo akaisikiliza. Akairudia.

"Nakuamini," akasema mwishowe. "Wallahi nakuamini. Lakini mfumo hauna mahali pa kujaza mimba. Mwenye haki ya kupinga ni yule aliyetuuzia, Ramoni. Aje yeye, aandike, tutajibu ndani ya siku thelathini."

"Harusi ni leo jioni."

"Basi badilisha kidogo. Imba kupitia puani, uone."

Abosede alimtazama ajue kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anasaidia kwa namna aliyoiweza.

Alipokuwa anajifunga kanga yake aondoke, Kolapo akashusha sauti. "Mama, dada yangu anaolewa Desemba. Unapatikana?"

"Nitakuja," akajibu. "Nikiruhusiwa."

Mlinzi alikuwa amelala kwenye kiti. Akampita polepole.

Jioni ua wa Alhaja Sidikat ulikuwa umejaa. Abosede alifika akimshika Asake mkono. Angeweza kudanganya kwamba wameifungua; mtu hujua amedanganywa pale tu sauti inapokatika. Akamwambia Alhaja kweli.

Alhaja akavuta pumzi. "Basi kaa na wenzako, ule. Wewe ni mgeni wangu. DJ ameshapanga vyombo."

Wakaletewa amala, ugali wa unga wa viazi vikuu, na mchuzi wa bamia. Asake akala. Mbele yao simu ya Wasiu ilisimama juu ya kijiti chake. Nyingine, ya Alhaja mwenyewe, ilikuwa kwenye kiti karibu na Asake, imepigwa Houston kwa laini ya kawaida, ndugu wakiongea humo wote kwa pamoja.

Rofiat akatolewa, kichwa kimefunikwa. Akapelekwa mlangoni kwa mama yake, mlango wa kwanza kuagwa. DJ akapiga muziki wa kinanda. Rofiat akapiga magoti. Mashangazi wakangoja. Msichana akasema mstari wake mmoja, akatafuta wa pili, akaukosa. Akaurudia wa kwanza. Mtu akaguna. Rofiat akafunua uso na kuangalia huku na huku kati ya wanawake, mpaka macho yake yakampata Abosede penye sahani.

Abosede akanawa mkono. Akasimama.

Alhaja akatikisa kichwa: hapana. DJ alikuwa wa kwanza kuelewa, akapunguza muziki, kisha akauzima kabisa.

*Mama uliyenibeba mgongoni,* Abosede akaimba, na safari hii hakuvuta pumzi katikati. Rofiat akafuata. Kwenye neno la *mgeni* Rofiat akalia, kilio chenyewe, na Alhaja aliyekuwa anatikisa kichwa akajikuta amekaa chini kizingitini, binti kamlalia mapajani.

Wasiu akatazama kioo chake, akatazama pembeni. Maandishi yalikuwa yametokea.

Simu iliyokuwa kitini ikaanza kupiga kelele. "Haloo! Sidikat! Hatusikii kitu kwenye ile picha! Ni yule mwanamke tena? Mwambieni anyamaze! Haloo, kuna anayesikia huko?"

Hakuna mtu mzima aliyegeuka. Asake akalamba kidole chenye mchuzi, akaichukua simu kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni.

"Mimi namsikia," akasema.