Mkanda wa Serikali

Kwa maneno ya muuza maji, jirani yake mshonaji, serikali ilirudi asubuhi ile. Ilirudi kwa miguu, ikapandisha bendera pale kituoni, ikafagia hata ngazi.

"Nimeiona kwa macho yangu haya, shoga. Nenda kashtaki. Sasa yupo wa kumshtakia."

Mshonaji hakumwambia kwamba bendera ile ilikuwa pazia la chumba chake. Wenye bunduki ndio waliomletea vitambaa, wakataka sare upesi. Wageni kutoka nje walikuwa wanakuja kutazama kama hapa bado pana nchi. Alishona kwa moyo wote, kila mshono mara mbili. Alijiambia, jambazi hana mlango wa kubisha, serikali inao. Wakishavaa tu, nitawadai mume wangu waliyemchukua.

Akaenda kubisha.

Nyuma ya meza alikaa yule yule aliyemburuta mumewe kutoka kitandani. Sare imemkaa barabara.

"Karibu, shemeji. Shida gani?"

"Mume wangu alichukuliwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

Askari wawili mlangoni wakaangua kicheko. Mkubwa wao hata hakukasirika.

"Wale walikuwa wahuni, shemeji. Sisi ni serikali."

"Uso ni huu huu, afande."

"Siku ile nilivaa hii?" Akavuta kola. "Basi. Tena umekuja wakati mzuri. Magari ya wageni yamefika darajani, na mkanda huu haunitoshi, nikipumua unafunguka. Watatutambuaje, suruali ikiwa magotini?"

Akaurusha mezani, na msumari juu yake.

"Toboa mwishoni hapo."

Kule ndani, mbali na ncha, mkanda ulikuwa na matundu mawili yaliyokwenda upande. Aliyatoboa yeye, mwaka ule wa njaa, mumewe amesimama mbele yake ameshikilia suruali, akimtania: "Mke wangu, utanipunguza mpaka nitoshe kwenye tundu la sindano."

Nje honi zikalia. Watu waliopangwa barabarani wakaanza kupiga makofi.

Akatoboa. Akapiga magoti, akaupitisha mkanda kwenye vitanzi alivyovishona mwenyewe.

"Afande," akasema, uso umekaribia lile tumbo, "basi nipe hata maiti yake, nizike."

Mkubwa akabana pumzi, akaingiza tumbo ndani, akangoja afungiwe.