Nyumba Iliyopimwa Kutoka Barabarani

Mtaani walimwita Futi, kwa ile futi kamba aliyoipachika kiunoni tangu halmashauri ilipomwajiri kuwa mthamini wa majengo. Asubuhi ile, mbele ya baraza la rufaa, alikuwa ameificha mfukoni. Mlalamikaji alikuwa shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu ana miaka sita.

Nyumba ya shangazi ilikuwa imeandikwa ina vyumba sita. Kodi ilipanda mara nne, na asipoilipa nyumba ingepigwa mnada. Baada ya baraza lile hakuwa na pengine pa kwenda.

"Sheria haina maneno mengi," alisema mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu. "Mthamini anaingia ndani, anapima, anaandika thamani kwa akili yake mwenyewe. Mkurugenzi hana mamlaka ya kumpangia. Na asipoingia, hakuna uthamini. Fomu inasema uliingia. Sahihi ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

Sahihi ilikuwa yake, ndiyo. Thamani haikuwa yake. Mkurugenzi aliwaita wathamini ofisini, akawagawia orodha ya mtaa mzima, thamani zimeshajazwa. "Nijazieni vyumba tu. Elimu zenu mziache mlangoni." Na kujaza vyumba walikuwa na mazoea yao: unapita na pikipiki, unahesabu madirisha ya mbele, unazidisha kwa mbili. Kwa shangazi, Futi alihesabu matatu, akakaza mwendo. Angesimama, shangazi angetoka, naye alikuwa hajakanyaga pale miaka miwili. Yeye, aliyesomeshwa kwa sare za shule za watoto wa watu, mshono kwa mshono.

"Vyumba ni vinne," alisema shangazi. "Upande wa kushoto paa liliporomoka mvua za mwaka juzi. Umebaki ukuta wa mbele na dirisha lake. Nimelitundikia pazia, watu wasinicheke."

"Kumbe siku hizi hata pazia lina kodi!" mtu akaropoka nyuma, na chumba kizima kikacheka. Futi alitamani ardhi ipasuke. Paa la nyumba aliyokulia lilianguka, naye anasikia habari hizo barazani, pamoja na wapita njia.

Wakili wa halmashauri akainuka. "Mama, unaweza kuapa kwamba mthamini hakuingia?"

Lilihitajika neno moja tu. Shangazi akamtazama Futi, shati lake la kazi, kitambulisho chake shingoni.

"Labda aliingia mimi sipo," alisema polepole. "Huyu ni mwanangu, pale ni kwao. Labda alikuwa na haraka, akakosea kuhesabu."

Wakili akaketi, meno yote nje. Shangazi alikuwa ameitoa nyumba yake, ili kibarua cha mwanawe kisiote nyasi.

"Sikuingia," alisema Futi.

"Sema kwa sauti, karani aandike."

"Sikuingia, mheshimiwa. Hata kwenye pikipiki sikushuka. Thamani aliipanga mkurugenzi, mimi nikatia sahihi."

Uthamini ulifutwa hapo hapo. Hakuna aliyepiga makofi.

Nje, kwenye korido, Futi alimfuata shangazi yake. "Shangazi, nisamehe."

"Nyumba yangu imebaki. Nashukuru." Alishukuru kama mtu anavyomshukuru karani wa dirishani. Kisha akasimama. "Mtaa mzima uliuhesabu hivyo?"

"Mzima, shangazi."

"Hata kwa fundi baiskeli?"

Futi akainamisha kichwa. Fundi baiskeli hakujua kama kuna rufaa. Aliuza nyumba yake mwaka jana ili alipe alichoambiwa.

"Twende ukamwambie," alisema shangazi. "Na useme mwenyewe. Mimi leo nimeshakusemea vya kutosha."

Walikwenda kwa miguu, shangazi mbele, Futi nyuma, jua la saa sita likiwaka utosini. Fundi baiskeli alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya gereji. Alipomwona mthamini aliinuka upesi, akaifuta stuli yake kwa kitambaa cha grisi, akamsogezea.

"Karibu ukae, mheshimiwa," alisema. "Hapa mimi ni mpangaji tu. Au na wapangaji mmeanza kutupima?"

Shangazi aligeuza uso pembeni, akamwachia Futi ajibu.