Zamu ya Moto

Alhamisi asubuhi Yustina alikuwa akichokonoa kwa pini wino ulioziba tumbo la herufi "a" ya taipureta yake, wageni watatu walipoingia na kukaa kwenye benchi. Wa nne alipitia chini ya mlango. Yustina hakuwatazama sana. Mwezi ule wa Septemba, mwaka wa sabini na nne, ofisi ile ndogo ya serikali hapo Chuno haikukosa wageni, na wengi wao walikuja kuuliza nyumba zao zilikwenda wapi.

Kazi yake ilikuwa orodha. Pembezoni mwa Likombe watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, na mwezi wa Julai trekta lilipita kwenye nyumba walizoziacha likasukuma kuta, makuti yakavutwa kwa kamba, ili mtu asishawishike kurudi. Lakini safu ya mwisho ya orodha ilidai "Sababu ya kuharibika", na Bwana Paulo, mkuu wa ofisi, alikuwa amemwambia kwamba trekta si sababu.

"Trekta ni chombo cha kazi," alisema. "Wewe tafuta sababu."

Yustina aliona haya kuuliza zaidi. Akazipata sababu nne: Upepo, Maji, Mchwa na Moto. Akazigawia nyumba kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, isije ikaonekana kuna anayeonewa. Nyumba ya thelathini na mbili, ya Muhidini, iliangukia zamu ya Moto.

Orodha ikapigwa muhuri ikaenda mkoani. Baada ya wiki tatu polisi walisoma kwamba nyumba ya Muhidini iliungua. Wakajiuliza ni nani angechoma nyumba tupu kama si mwenyewe, kwa ukaidi, na wakamchukua. Kule kijiji kipya nako watu walianza kutazamana mikono. Aliyeandikiwa mchwa alimshuku mke mwenzie kwa uchawi. Aliyeandikiwa maji alikaa akiwaza jirani yake alichimba mfereji lini.

Saumu, mke wa Muhidini, alipita ofisini kila asubuhi akienda kituoni, amebeba bakuli la mumewe lililofungwa kwa leso. Alisimama dirishani pa Yustina.

"Mwanangu, nyumba ikiungua si huacha majivu?"

"Huacha, mama."

"Basi njooni mkatazame. Miti ya ukuta imelala pale mizima, hata moshi haijaonja. Majivu hakuna."

Bwana Paulo alimjibu kwamba ofisi haiwezi kufunga safari kwenda kutazama kitu ambacho mtu mwenyewe anasema hakipo.

Wale wageni wa Alhamisi walikaa kwa adabu. Wa kwanza alikuwa mwanamume mwembamba, kanzu yake haitulii, na Yustina akaweka jiwe juu ya karatasi zake. Wa pili alikuwa mama wa makamo, kanga zake zikidondosha matone mpaka dimbwi likafika miguu ya meza. Wa tatu, mzee nadhifu, alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa benchi kama mtu anayeogopa kuharibu kitu, na ubao chini yake ulianza kunuka. Wa nne walikuwa Mchwa. Walikwisha kujenga njia nyembamba ya udongo kwenye fremu ya mlango, nao wakangoja hapo.

Bwana Paulo akatoka chumbani kwake. "Mna barua ya mjumbe wa nyumba kumi?"

"Sisi hatuna nyumba, mheshimiwa," akasema Upepo.

"Ndiyo mambo hayo. Mtu asiye na mjumbe, mimi nitajuaje kama hakutoka ng'ambo ya Ruvuma?"

"Ng'ambo natoka kila siku. Na kurudi."

Bwana Paulo aliliandika hilo kwenye kidaftari chake.

Upepo akaeleza kilichowaleta. Yaliyo yake hayakatai, alisema. Ile tufani ya mwaka wa hamsini na mbili ilikuwa yake. Lakini siku ya Likombe hakupuliza hata unyoya; wanawake walishindwa kupepeta mtama wakamtukania mama yake.

"Na mimi kiangazi nakaa kisimani, baba," akasema Maji. "Tena chini kabisa. Wenyewe wananifuata kwa kamba. Nikabomoe nyumba kwa nguvu ipi?"

"Sisi huhitaji miaka," wakasema Mchwa taratibu. "Nyumba zile zilikwisha kabla ya adhuhuri."

Moto ndiye aliyesema mwisho. "Nimekula maghala. Nimekula watu waliolala, na wala sijakana. Lakini nyumba ya thelathini na mbili si yangu, na kuna mtu amefungwa kwa jina langu. Niandikieni kwamba sikufika."

Bwana Paulo hakumtazama Moto. Alimtazama Yustina. "Orodha ni siri. Nani amewasomea hawa orodha?"

"Sijui, Bwana." Masikio yalimchoma. "Lakini ni kweli hakufika. Ilikuwa zamu yake tu."

"Zamu?"

"Kwenye orodha. Ilikuwa zamu ya Moto."

"Ofisini hakuna zamu, Yustina. Kuna kumbukumbu."

"Naweza kuuchapa upya ukurasa ule mmoja," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida. "Karatasi zipo."

"Uuchape, halafu mkoani waulize: kama huyu hakubomolewa na Moto, alibomolewa na nani? Na wale wengine mia na ushei je?" Alitikisa kichwa. Kisha akamgeukia Moto kwa upole, kama anavyosemeshwa mzee aliyekosea foleni. "Mzee wangu, shida yako ni ndogo. Kumbukumbu inasema ulikwenda Likombe. Wewe unasema hukwenda. Ziko njia mbili za kuwapatanisha, na moja yake haina ruhusa."

Moto alivua kofia akaizungusha mikononi. "Unanituma?"

"Nakuandikia barua."

"Mimi nikitumwa sijui kukataa," akasema Moto. "Ndiyo kasoro yangu."

Bwana Paulo akataja maneno ya barua, Yustina akachapa, nakala tatu. Palipotakiwa Likombe aliandika Naliendele, kwingine kabisa. Bwana Paulo alisoma, akairudisha bila ukali. Yustina akachapa tena, akaandika Likombe. Moto akaipokea barua kwa ncha za vidole, akaaga, akatoka. Wale wenzake walipewa stakabadhi ya kwamba malalamiko yao yamepokelewa.

Ijumaa Saumu alichelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Aliweka bakuli dirishani, akafungua pindo la kanga. Ndani yake mlikuwa na majivu. "Jana asubuhi nilipita pale, hayakuwapo," alisema. "Leo yapo."

Alilitazama benchi, mahali ubao ulipokuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa mtu aliyekaa. Kutoka hapo akahamishia macho kwenye vidole vya Yustina, ambavyo bado vilikuwa na weusi wa karatasi ya kaboni. Alivitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu vitu alivyoviacha nyumbani kwake. Yustina hakuvificha.

Bwana Paulo alichungulia mlangoni, akafurahi. "Si mnaona? Majivu yamepatikana. Pokea, Yustina, hicho ni kielelezo. Kipelekwe kituoni leo hii, waweke kwenye faili la Muhidini."

Yustina akatoa bahasha. Saumu aliyamimina mwenyewe, akakung'uta pindo mpaka likawa safi, akachukua bakuli lake.

"Chakula kinapoa," alisema, akaenda zake kituoni.

Yustina akaibandika bahasha. Juu yake aliandika jina la Muhidini, nambari thelathini na mbili, na tarehe ya mwezi wa Julai. Majivu yalikuwa yangali na joto. Aliishika bahasha kwa mikono miwili mpaka ikapoa, kisha akaipeleka.