Umeme wa Kilimani

Agripina alikuwa anasonga mamaliga, ugali wetu wa mahindi, umeme ulipokatika, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutega sikio chumbani. Mashine ya oksijeni ya mumewe ilikuwa imenyamaza. Akaacha mwiko sufuriani, akaenda kumwinua Haralambie kitako. Mapafu ya mzee yule yalikuwa yamekwisha kwa vumbi la machimbo ya mawe, na bila mashine midomo yake ilibadilika rangi kabla chai haijapoa.

Gesi ya mashariki ilikuwa imefungwa baridi ile, na umeme wetu ulitegemea gesi hiyo. Wakubwa wa mji mkuu, Chişinău, wakatuambia tusihofu, upepo ni wa Moldova wenyewe. Kweli, minara ya upepo ilikuwa imesimama kilimani juu ya makaburi yetu, ikizunguka kutwa. Ila umeme wake ulipita juu ya mapaa yetu ukaenda zake mjini. Injinia wa kampuni alitueleza kwa upole kwamba laini ya kijiji ni nyembamba, haina nafasi, tusubiri. Tusubiri! Kana kwamba tuliwahi kufanya kazi nyingine.

Asubuhi Agripina alipanda makaburini kumwashia mama mkwe wake mshumaa. Juu ya kaburi theluji ilikuwa imeyeyuka, na jiwe lilikuwa na joto kama ukuta wa jiko. Mtaro wa nyaya ulikuwa umekatiza katikati ya makaburi, na wafu walikuwa wamejiunganishia umeme. Taa ndogo zilionekana chini ya udongo, kila mmoja na yake.

"Rudisha mshumaa wako mfukoni," mama mkwe alisema kutoka chini. "Niletee mwanangu. Si nilikwambia hutamuweza?"

"Uliniambia, mama."

Maneno yalimchoma, lakini bibi yule alikuwa vivyo hivyo hata enzi za uhai wake.

Haralambie akapandishwa kwa mkokoteni wa farasi. Kitanda kikawekwa juu ya kaburi la mama yake, kikafunikwa kwa nailoni ya kuoteshea nyanya. Agripina akachomeka plagi ardhini, mashine ikavuma, na mzee akapata rangi. Jirani yao Zinovia akaomba achaji simu. Tulijaribu kuvuta waya hadi kijijini, umeme ukaishia langoni mwa makaburi. Kila tulipojaribu kumshusha mzee, mashine ilizimika palepale, ikabidi tumrudishe.

Basi akakaa. Mwanzoni aliulizia ng'ombe na paa linalovuja. Baadaye akawa anaongea na mama yake tu, kwa sauti ya chini, na Agripina akifika na supu wote wawili walinyamaza.

Ikafika Pasaka ya Wafu, tunapokula makaburini. Siku hiyo aliye hai humpa aliye hai mwenzake mkate mkononi, kwa roho ya marehemu. Marehemu mwenyewe humiminiwa divai ardhini. Injinia naye alikuja kuikagua minara, na Agripina akamfuata.

"Bwana injinia, mume wangu yu hai. Mleteeni umeme nyumbani kwake."

Injinia akamtazama Haralambie kwa muda.

"Mama, huku nafasi ipo. Kule haipo," alisema. "Tena wa huku hawajawahi kulalamika."

Akala kipande cha pai ya jibini, akashukuru, akaenda zake.

Zinovia alikuwa akipita na kapu, akimpa kila mtu mkate. Alipofika kwa Haralambie, mzee akanyoosha mkono. Zinovia akauangalia mkono ule, akafanya ishara ya msalaba, kisha akamimina divai ardhini, miguuni pake. Ardhi iliinywa haraka.

Agripina alikuwa amemwokea mumewe mkate wake mwenyewe. Alisimama nao hadi ukapoa. Hatimaye akaugeuza upande wa Zinovia.

"Pokea," alisema. "Kwa roho ya Haralambie."

Zinovia akapokea.

"Ahsanteni," Haralambie alisema kutoka kitandani.

Tukakusanya vyombo, tukashuka mapema, maana nyumbani hakukuwa na taa.