Jani la Sale kwenye Kikombe cha Elingaya

1.

Ko.

Ko.

Jogoo hajawika. Kata iliyotundikwa ukutani inagonga pipa tupu. Upepo tu. Bibi Ndeshukurwa anaamka hata hivyo, maana kwa miaka arobaini sauti hiyo ilimwita kazini: kukoroga, kuchuja, kuonja. Tangu Pasaka hajapika mbege, pombe ya ndizi.

Anaishusha kata. Anaifunga kwa kanga, kama mtu anayemziba mtoto mdomo.

2.

(Karatasi iliyokunjwa mara nne, kutoka mfuko wa koti la mwanawe Elingaya. Koti lilifuliwa kabla haijaonekana.)

TANGAZO
KIKUNDI CHA LEO SIJANYWA
Kwa wote wanaotaka kuacha pombe.
Siku: Jumamosi, saa tisa alasiri
Mahali:                              la zamani
Karibu ulivyo.

3.

Wewe unayesoma, huenda kwenu radhi huombwa kwa mdomo tu. Kwa Wachaga, anayeomba radhi huja na jani la sale mkononi, na anayepewa hakatai. Kisha wawili hao hunywa mbege kwa kata moja.

Elingaya alilewa siku ya maziko ya baba yake. Hakutupa hata udongo.

Pasaka alirudi nyumbani na jani la sale. Alikuwa na miezi mitano hajagusa pombe. Mama yake alilipokea jani, akalia, akaijaza kata mwenyewe.

"Mama, mimi siku hizi si—"

"Onja tu, mwanangu. Msamaha mkavu haushuki."

Akaonja.

Akaonja.

Siku ya tatu kitanda kilikuwa kitupu, na koti limeachwa msumarini.

4.

Sokoni, kwa fundi viatu:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Natafuta mkutano wa… watu wanaosaidiana."

"Wa kwaya?"

"Hapana, baba. Wa watu wenye… shida."

"Basi umefika! Shida zote za hapa ziko kwa mama Anasia. Nyumba ya bati jekundu. Ngoja nikuvushe barabara."

Neno pombe hakulitamka.

5.

MUHTASARI WA KIKAO, KIKUNDI CHA KUFA NA KUZIKANA

Ajenda ya 3: Mgeni. Bibi mmoja aliingia saa nane kasoro robo. Alipewa kiti na chai. Mwenyekiti alimpa pole, akauliza amefiwa na nani.

Mgeni alijibu: "Bado."

Mgeni aliongezewa chai.

Mjumbe Anasia aliuliza kama ni mtoto. Mgeni aliitikia kwa kichwa. Mjumbe aliuliza kama ni pombe. Mgeni alifunika uso.

Azimio: Mjumbe Anasia amsindikize mgeni hadi ghala la kahawa la zamani, ambako Kirita, kaka wa mjumbe huyo, huenda kila Jumamosi. Mgeni amalize chai kwanza.

6.

Aliyoyaona Bibi njiani, akayaweka moyoni:

Anasia alitembea polepole, akisingizia kiatu kinambana.

Hakuuliza jina la mtoto.

Mlangoni alimfunga kilemba upya, akasema, "Mama, humo ndani hakuna anayecheka mtu."

7.

Ghala. Harufu ya magunia. Viti vya plastiki, na ukutani vikombe kwenye misumari, kila kimoja na jina kwenye plasta.

"Mimi ni Kirita. Leo sijanywa."

"Pongezi, Kirita."

Kiti hadi kiti. Mwanamume mmoja mwenye mvi, karibu na dirisha, alitikisa tu kichwa, akapitwa bila kulazimishwa. Kisha zamu ikafika kwa Bibi.

"Mimi ni Ndeshukurwa. Mimi sikunywa." Akashika pindo la kanga aliyojitanda. "Mimi nilimnywesha."

Hakuna aliyesema pongezi. Hakuna aliyesogeza kiti.

"Wewe ni mama yake Elingaya. Alitutajia jina lako," Kirita akasema taratibu.

"Yuko wapi?"

"Hatujamwona tangu Jumamosi ile kabla ya Pasaka. Alituaga. Alisema anakwenda kumwomba mama yake radhi." Kirita akatazama sakafu. "Tulimpigia makofi."

8.

makofi

9.

Kikombe cha Elingaya bado kiko kwenye msumari. Cha bluu, kimebanduka ukingoni.

Bibi akafungua pindo la kanga. Mle mlikuwa na jani la sale, bichi, la alfajiri ile ile. Safari hii mwomba radhi ni yeye.

"Naomba maji," akasema. "Kwenye kikombe hicho."

Kirita akakisuuza, akajaza maji. Jani likasimama ndani.

"Akija?"

"Atalikuta, mama."

"Na asipo—"

Kirita akamimina uji. Wakanywa wote, Bibi akiwa katikati yao. Uji ulikuwa mwepesi, wa moto, na ulishuka.

10.

Jua limeanza kuinama. Anasia anasubiri nje, amevua kiatu kisichombana.

Yule mwenye mvi anamfuata Bibi hadi mlangoni. Anashika kofia kwa mikono miwili. Sauti yake ni ya mtu aliyeiweka siku nyingi bila kuitumia.

"Mama. Jani lile nitalibadilishia maji."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Jumamosi uje tena." Anatazama kofia. "Hata kama hajarudi, uje kwa ajili yangu. Mimi, tangu nianze kuja hapa, sijawahi kupata mgeni."