Mgonjwa wa Kiuno Ukweni

Lori lililomtoa Makoye mgodini Geita lilikuwa linakwenda Isaka, na huko alikuwa apande treni mpaka kwao Shinyanga, Ngokolo. Hakufika. Mpaka Masumbwe kila shimo la barabara lilikuwa limeshamliza kama mtoto. Dereva akachoka, akasimamisha gari.

"We Msukuma, huna ndugu hapa?"

Makoye akafumba macho. Ndugu hana. Wakwe anao.

Basi ndivyo mwanamume mzima, kifua kama mlango, alivyoteremshwa juu ya mkeka uani kwa mama mkwe wake. Na wewe unajua mambo ya mkwe. Mama mkwe humpishi njia tu, unakata kabisa porini. Humtazami, humsemeshi, kumgusa ndiyo usiseme. Sasa huyu kaletwa chali, hata blanketi hawezi kulivuta. Mama Nyamizi, mjane wa watu, kumwona tu akajifunika kaniki usoni, akakimbilia jikoni.

Bahati nzuri mkewe, Nyamizi, alikuwepo. Alikuja kumsaidia mama yake kulima. Akalia kidogo, akafuta machozi, akauliza, "Umefanya nini tena, Baba?"

"Toroli la mawe lilitoka relini. Nikasema nalirudisha mwenyewe."

"Mwenyewe! Wenzio walikuwa wapi?"

"Wananitazama."

"Wakakushangilia?"

"Sana."

Nyamizi akacheka huku bado anapenga kamasi.

Wakamwita Donatus, dresa wa zahanati ya misheni, akaja na baiskeli yake. Huyu bwana alitibu askari wakati wa vita vya Hitla, viuno amevishika vingi. Akambonyeza Makoye, akamwinua mguu mmoja, halafu wa pili, akamuuliza kama vidole vina ganzi.

"Mfupa mzima," akasema. "Nyama za kiuno zimeshtuka. Na wewe unazidi kuzikaza kwa kulala kama gogo."

"Sasa nifanye nini, dresa? Niamke nicheze ngoma?"

"Utacheza. Ila kwa kulala."

Akajitupa chini na kaptula yake nyeupe, akaonyesha. Unakunja magoti, nyayo chini, unainua kiuno taratibu, unashusha taratibu. Magoti unayaleta kifuani, unapumua. Ukitaka kuamka, usikurupuke. Geukia ubavu kwanza, sukuma kwa mkono. "Asubuhi na jioni. Taratibu! Kama mwanamke anayetwanga peke yake na hana haraka. Ukikimbiza, umejiua."

Nyamizi akamwambia dresa habari ya Nkwabi, kaka yake Makoye, kuli wa stesheni ya Isaka. Amepata habari kwa yule dereva, naye ameleta salamu kwamba atakuja na lori la kubeba ngozi za ng'ombe kumchukua.

Donatus akatikisa kichwa. "Kama hawezi kukaa na kusimama mwenyewe, asipande. Akitupwatupwa tena kwenye bati la lori, mimi sijui kama atainuka maisha yake."

Maneno hayo Makoye aliyameza. Hakulala usingizi mzuri. Na kumkatalia kaka yake hawezi. Nkwabi ndiye aliyemlea. Akisema panda, unapanda, labda akukute umesimama wima unamtazama usoni.

Lakini mazoezi yenyewe, bwana, yalimshinda. Nyamizi akienda shamba, Makoye anabaki peke yake nyuma ya uzio wa matete, anainua kiuno mara mbili, kinachoma, anaogopa, anaacha. Anahesabu nzi.

Asubuhi moja akasikia mchi. Twi. Kimya kirefu. Twi. Mama Nyamizi alikuwa upande wa pili wa uzio, anatwanga. Makoye akashangaa. Unga si ulitwangwa jana? Na mwanamke gani anatwanga pole pole hivyo, kama anasinzia? Akasikiliza. Mchi unapanda, unakaa juu, unashuka. Ndipo akaelewa, akahisi uso umemchemka. Mama wa watu alisikia kila neno la dresa.

Akakunja magoti. Mchi ukapanda, naye akapanda. Mchi ukashuka, naye akashuka. Jasho likamtoka, machozi pia, sijui ya maumivu au ya nini. Alipochoka akakohoa, mchi ukanyamaza.

Ikawa ndiyo kazi yao. Hakuna aliyesema kitu. Asubuhi mchi, jioni mchi. Kiuno kikaanza kulegea, Makoye akaanza kujigeuza, akakaa kitako na kula ugali kama mtu. Nyamizi akawa anamsugua samli ya moto mgongoni, anamtania, "Umenenepa kwa mama yangu. Ukipona utahama kweli?"

Sasa sikia kilichotokea. Siku ile ile aliyosema Nkwabi kuwa anakuja, jirani yao Mwamvua alipita kuomba moto. Kumkuta Mama Nyamizi anatwanga peke yake akamwonea huruma. Akachukua mchi wa pili, akaingia. Na Mwamvua akitwanga ni kama anapigana. Twi-twi-twi-twi!

Upande wa pili Makoye akatoa macho. Mama kasema tukimbie! Kwa nini? Labda kaona kaka anakaribia, anataka nisimame leo. Mtu mwingine angepaza sauti, "Mama, vipi?" Makoye amuulizeje mkwe wake? Akafuata. Kiuno juu, chini, juu, chini, mpaka kikakata, ka! Akapiga ukelele mmoja tu.

Michi ikasimama. Mama Nyamizi akamshukuru Mwamvua upesi upesi, akampa moto wake, akamsindikiza njiani.

Makoye alikuwa anasikia lori mbali, linanguruma mlimani. Akakurupuka, akasahau ubavu, akasahau kila kitu. Akafika nusu. Akanasa hapo, amepinda kama ndoano, kashika uzio, na matete yakaanza kukatika moja moja. Akaona ndiyo mwisho. Nkwabi atamkuta chini, atambeba, atamtupa juu ya ngozi.

Ikasikika sauti nyembamba kando ya uzio. Ilikuwa inaongea na kuku.

"We kuku, mwambie huyo mtu aachie uzio. Apige magoti kwanza."

Makoye naye akamtazama kuku. "Kuku, mwambie mama kiuno kimekata."

"Mwambie hakijakata. Kimeogopa. Hata mimi nimeogopa. Apumue."

Akapumua. Akashusha goti moja, halafu la pili. Akaona kaniki nyeusi inakuja kinyumenyume, pole pole, kichwa kimefunikwa chote, mpaka mgongo wa mama mkwe ukasimama mbele yake. Mgongo mdogo, umechoka kwa jembe.

"Mwambie aweke mkono begani."

"Mama, siwezi. Wewe ni mama mkwe."

Hakukuwa na kuku tena. "Makoye," akasema, na hakuwahi kulitaja jina hilo hata siku moja. "Mwanangu. Weka mkono."

Akaweka. Akasukuma kwa mguu, taratibu, wakapanda pamoja. Akasimama. Akanyooka. Akapiga hatua moja, mama mbele yeye nyuma, wote wawili wanatazama mbele kama watu waliokatazwa kugeuka.

Nkwabi alikuwa ameshafika langoni. Aliona. Akageuka haraka, akaanza kukagua tairi la lori lisilo na tatizo lolote. Alikaa hapo mpaka aliposikia mlango wa jikoni unafungwa.

"Shikamoo, kaka," Makoye akasema. Alikuwa wima, jasho linamtiririka, mkono mmoja kwenye nguzo ya ghala.

"Marahaba." Nkwabi akamtazama juu mpaka chini. "Nilikuja kuchukua maiti."

"Rudi na lori lako, kaka. Nikiweza kutembea mpaka barabarani, nitakuja mwenyewe."

Nkwabi akafikiri. Dereva akapiga honi. "Haya," akasema. "Mama atakulisha?"

"Ananilisha."

Nyamizi akatokea shambani mbio, jembe begani, amesikia honi. Akamwona mumewe amesimama. Jembe likamponyoka. Akaona na matete yaliyovunjika, na uzio ulivyolala.

"Nani kamsimamisha, shemeji?"

Nkwabi akautupia jicho mlango wa jikoni, akavaa kofia yake.

"Mimi nimemkuta amesimama," akasema, akapanda lori.